Kilo Ngapi Kwenye Gunia la Mama?

Wadogo zangu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huniuliza swali lilelile karibu kila mwezi: "Dada, uzamili wa uchumi Ulaya unaombwaje?" Nami huwarudishia swali: uzamili upi? Maana Uholanzi, nilikosoma mimi, kuna wa aina mbili, na mimi mwenyewe tofauti yake niliielewa nikiwa nimeshafika.

Wa kwanza ni wa mwaka mmoja. Unasoma kozi, unaandika tasnifu fupi, unarudi kazini na cheti. Wa pili ni wa utafiti: miaka miwili, krediti 120 kwa hesabu ya Ulaya, na umeundwa kama korido ya kuelekea udaktari. Mwaka wa kwanza ni hesabu mwanzo mwisho. Mwaka wa pili unaachwa na swali lako, na hapo ndipo wengi tunagundua kwamba swali lenyewe hatuna. Mimi nilisoma huo wa pili, Amsterdam, kuanzia Agosti 2022 hadi Agosti 2024. Chuo sikitaji, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayosema ni makosa yangu na sitaki yasomeke kama yake.

Nimetoka kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, mwendo wa saa moja kwa bodaboda hadi Kibaigwa. Aliyepita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma anaijua Kibaigwa kwa malori yake na soko lake la mahindi. Mama yangu analima ekari sita, mahindi na alizeti, na ndizo zilizonisomesha. Nilimaliza shahada ya kwanza Mlimani 2018 kwa GPA ya 4.2, nikapata kazi ya afisa mikopo kwenye kampuni moja ndogo ya kukopesha pale Dodoma mjini. Miaka mitatu nilikaa ng'ambo ya meza nikiwatazama watu wanaofanana na mama: Juni wanauza mahindi kwa bei ya kutupa, Januari wanakuja kukopa hela za kununua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Nikawa najiuliza kwa nini hawasubiri. Swali hilo ndilo lililonitoa Dodoma, ingawa wakati huo sikujua kwamba ni swali. Nililiona ni malalamiko tu.

Niliomba vyuo vitano. Vinne vilinikataa, viwili kati yake bila hata barua. Kabla sijatuma maombi nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani barua ya kujieleza aipitie. Nilikuwa nimeandika kuhusu umaskini wa utotoni, ndoto, na hamu ya kulitumikia taifa. Akaisoma mbele yangu, akaikunja. "Hii ni barua ya kuomba msaada," akasema. "Hawa hawatoi msaada. Andika barua ya mtu mwenye swali." Nikarudi nyumbani nimenuna. Usiku nikaandika kurasa mbili kuhusu Juni na Januari, nikaacha utoto wangu wote nje. Nina hakika kwamba kile chuo kimoja kilichonikubali kilinikubali kwa ajili ya kurasa hizo mbili, kwa sababu alama zangu za hesabu kwenye GRE, mtihani wa kuwapima waombaji wa uzamili, ulionigharimu zaidi ya dola 200, zilikuwa za kawaida sana kwa viwango vya waombaji wenzangu.

Ya vibali nayapitia haraka: cheti cha kuzaliwa cha RITA, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Uholanzi pale Umoja House, Dar es Salaam. Anza miezi minne kabla. Ukianza miezi miwili kabla kama mimi, utalala na presha.

Chumba kilinitesa kuliko viza. Mwaka ule uhaba wa nyumba Uholanzi ulikuwa mkali kiasi kwamba vyuo kadhaa viliwatangazia wanafunzi wa nje wasije kama hawajapata pa kulala. Nusura nitume euro 900 kwa mtu wa mtandaoni aliyedai yuko safarini na funguo atanitumia kwa posta. Kilichoniokoa ni uzoefu wa kazi ya mikopo: nilimwomba anitumie video ya chumba akitaja jina langu, hakujibu tena. Mwishowe nilipata chumba Bijlmer, kusini mashariki mwa jiji, kwa mama mmoja wa Kighana aliyeishi pale zaidi ya miaka ishirini. Metro namba 53, unashuka Ganzenhoef, na pale jirani kuna maduka yenye mihogo, ndizi za kupika, bamia na unga mweupe wa mahindi. Siku ya kwanza nilipousonga ule ugali, yule mama alisimama mlangoni akacheka: kwao unga huchachushwa kwanza, kwa hiyo wangu aliuona kama chakula kilichokatishwa njiani. Lakini alikula.

Nakumbuka pia kituko cha mwaka huo. Darasani wenzangu walizoea kuzungumzia mfumuko wa bei kama ugonjwa wa nchi kama zetu. Basi mwaka 2022 mfumuko wa Uholanzi ulifika wastani wa asilimia 10, wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.3. Mwenye nyumba wangu alikuwa anazima hita saa tatu usiku kwa sababu ya bei ya gesi, nasi tunakaa sebuleni na makoti. Nilimwandikia mama kwamba Ulaya kuna baridi hadi ndani ya nyumba. Alidhani natania.

Sasa masomo.

Mwishoni mwa Agosti tulipewa wiki kadhaa za kunoa hesabu kabla kozi hazijaanza. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni fasili ya mwendelezo wa fanksheni, yaani grafu isiyokatika, kwa epsiloni na delta, akageuka, akauliza kama kuna asiyewahi kuiona. Tulikuwa 30 hivi. Hakuna aliyenyoosha mkono, nami sikunyoosha. Nilikuwa sijawahi kuiona maishani. Mlimani tulisoma kalkulasi ya kutosha kutafuta kilele cha faida. Uthibitisho, yaani kuonesha kwa hatua zisizopingika kwamba kitu ni kweli, nilikuwa sijawahi kuuandika hata mmoja. Wenzangu Waitaliano na Wachina wengi walikuwa na shahada za hesabu tupu. Mkono ambao sikuunyoosha siku ile ulinigharimu miezi mitatu.

Kozi zilikwenda kwa vipindi vya wiki nane: maikro (uchumi wa mtu na soko), makro (uchumi wa nchi), ekonometriki (takwimu za uchumi), mtihani, kisha mzunguko mwingine. Kila wiki seti ya maswali, matano au sita, na swali moja linaweza kula siku nzima. Nikafanya nilichokijua. Nikapiga msuli. Nikakusanya mitihani iliyopita, nikakariri majibu, nikalala saa nne kwa siku. Mtihani wa kwanza wa maikro nikapata 3.5 kati ya 10. Kufaulu kule ni 5.5.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikiitazama simu. Kwa lugha ya Mlimani nilikuwa nimekamata sapu, mtihani wa marudio, na masharti ya ufadhili wangu yalisema wazi kwamba kozi fulani zikishindikana mara mbili safari imeisha. Disko, yaani kuondolewa chuoni, tena disko ya Ulaya. Nilianza hata kutunga kichwani nitakachowaambia kijijini.

Aliyeniokoa ni Mvietnam mmoja wa darasani kwetu, kijana mkimya kuliko mimi. Aliniona maktaba nikinakili uthibitisho kwa mara ya kumi, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nakariri. Akafunga daftari langu, akanipeleka kwenye ubao mweupe wa chumba kitupu, akasema: "Nieleze kwa nini hatua ya pili inafuata ya kwanza." Nikashindwa. Hatua zote kumi na moja nilikuwa nazijua kwa moyo, na hata moja sikujua imetoka wapi. Kuanzia hapo kila Ijumaa jioni tulisimama ubaoni bila daftari, mmoja anathibitisha, mwingine kazi yake ni kuuliza "kwa nini" kama mtoto msumbufu. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Ya nne nikaona kitu: karibu uthibitisho wote wa kozi ile ulijengwa na hila tano au sita zinazojirudia, na ukishazijua hukariri tena. Sapu nilipata 6.1. Sijawahi kuipenda namba kama ile.

Nimejiuliza sana kwa nini sikwenda kwa mwalimu mapema. Kila mwalimu alikuwa na saa za wazi ofisini, unaingia na swali lako. Sikwenda hata mara moja kabla ya ile 3.5. Kwetu mtu anayekwenda ofisini kwa profesa amekosa kitu au anaomba kitu, na hodi yenyewe unaipiga kwa kucha. Kule walimu walitaka tuwaite kwa majina yao ya kwanza. Mzee wa miaka 60, mwenye vitabu vyake, nimwite jina kama mdogo wangu! Mwaka mzima nilikwepa kwa kutomwita chochote. Naanza barua pepe na "Habari za asubuhi" peke yake, nikitaka kumvuta atazame upande wangu nakohoa.

Kwenye semina mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtafiti mgeni anasimama na kazi yake ya miaka mitatu. Dakika ya pili mtu ameshamkatiza: hii data inaonesha sababu, au ni vitu viwili vilivyotokea pamoja tu? Mara ya kwanza nilidhani wamegombana. Baadaye niliwaona wakinywa kahawa pamoja na kucheka. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba pale kumkatiza mtu ni kuichukulia kazi yake kwa uzito, na anayesikilizwa kwa ukimya hadi mwisho ndiye wa kuonewa huruma. Bado sikatizi watu. Nanyoosha mkono, nasubiri, na mara nyingi swali langu linakuwa limeshapitwa. Sijaamua kama hilo ni kasoro.

Mwaka wa pili, Oktoba 2023, wiki ileile Claudia Goldin alipotangazwa mshindi wa Nobel ya uchumi na darasa zima likawa linazungumzia hilo, mimi nilimtumia msimamizi wangu pendekezo la utafiti. Kurasa nane. Swali: kwa nini wakulima wadogo huuza mahindi bei ikiwa chini na kununua ikiwa juu? Jibu nililolikisia: hawana mkopo wakati wa mavuno. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Dodoma, na nililiandika kama mtu anayefunua siri.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja na kiungo. Nikabofya. Ni utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2019 kwenye moja ya majarida makubwa kabisa ya uchumi duniani. Swali ni lilelile, jibu lilelile, tena kwa jaribio la kweli: baadhi ya wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno, wengine hawakupewa, na waliopewa waliweza kutunza mahindi yao hadi bei ikapanda. Faida juu ya mkopo ilikuwa asilimia 29. Walikuwa wamepima hadi namna mikopo hiyo ilivyotuliza bei za masoko ya jirani. Kila nilichotaka kukisema kilikuwa kimeshasemwa, na kimesemwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza kwa miaka kumi. Nililia kwenye metro kutoka Amstel hadi Ganzenhoef, na Waholanzi, Mungu awabariki, walinitazama kwa adabu ya kutonitazama.

Nikamwambia msimamizi nataka kubadili mada. Yeye alikuwa mama mkavu wa maneno, asiyesifu wala kufariji. Akaniambia nisibadili chochote kwanza. Niusome ule utafiti mara tatu, na mara ya tatu niutafute mahali ambapo nyumbani kwetu mambo ni tofauti. Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Nikausoma. Mara ya tatu macho yangu yakakwama kwenye kitu ambacho mara mbili za mwanzo nilikiruka: bei za sokoni zilipimwa kwa gorogoro, lile kopo la Kenya la kilo mbili na ushee. Nikacheka peke yangu, nikamkumbuka mama na madebe yake. Kisha nikaacha kucheka.

Kwetu mkulima hauzi kwa kilo. Anauza gunia. Na gunia analolijaza mlanguzi shambani si gunia la kilo 100. Ni lumbesa: linashindiliwa, linatikiswa, linashindiliwa tena, halafu mdomo unashonwa na kamba nafaka ikiwa imefura juu kama kichuguu. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa kila mwaka, lakini shambani jua likiwa kali na lori likinguruma sheria iko mbali. Mlanguzi huyohuyo akifika Kibaigwa anakutana na mizani, na yeye sasa anauza kwa kilo. Hilo nililijua tangu nina miaka saba. Nimelishika hilo gunia mdomo likishonwa. Halikuwahi kunijia kwamba ni jambo la kitaaluma.

Nikafungua data. Hapa niwaambie wanaodhani data za Tanzania ziko kabatini kwa mkubwa fulani: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, imekuwa ikifuatilia kaya tangu 2008/09, ilipoanza na kaya 3,265, na mafaili yake unayapakua bure mtandaoni popote ulipo. Nilikwenda Ulaya kusoma vijiji vya kwetu kwenye kompyuta, na kijijini kwetu ningeweza kuyapakua mafaili hayo kwa bando la wiki. Nikachora kwenye Stata, programu ya takwimu, idadi ya kilo ambazo wakulima walisema wameuza. Nilitegemea mchoro laini wa mlima. Nikapata meno ya msumeno: rundo kwenye 100, rundo kwenye 200, rundo kwenye 300, katikati karibu patupu. Hakuna mkulima anayevuna kwa mia mia. Ni magunia hayo. Mkulima amesema "gunia tatu", na mahali fulani kati ya kinywa chake na faili langu gunia tatu zimekuwa kilo 300.

Fuatilia hesabu hii, maana ndiyo tasnifu yangu nzima. Mkulima amelipwa shilingi 50,000 kwa gunia. Ukiliandika kilo 100, amepata 500 kwa kilo. Kama lilikuwa lumbesa la kilo 125, amepata 400. Januari anapokwenda dukani kununua, muuza duka hampi lumbesa, anampimia kilo kamili kwa 800. Kwenye data pengo la kuuza na kununua ni shilingi 300. Mfukoni mwake ni 400. Yaani hasara ya mkulima ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye takwimu, na sehemu yake haiko kwenye bei kabisa. Iko kwenye tumbo la gunia.

Nilimwonesha msimamizi ule msumeno. Alinyamaza kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akisogeza kiti mbele. Kisha akauliza: "Unajuaje kwamba ni kilo 125?" Nikasema kila mtu kwetu anajua. Akasema: "Kila mtu si chanzo."

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko ile 3.5. Januari 2024 nilimtumia kaka yangu hela anunue mizani ya kuning'iniza, azunguke kijijini akipima magunia ya waliokuwa bado wanauza. Akapima 14. Yalikuwa karibu na kilo 100, machache yamezidi kidogo. Ina maana! Januari mahindi ni adimu, mkulima ndiye mwenye sauti, gunia linakonda. Juni mahindi yamejaa, gunia linavimba. Nikaenda ofisini nikitetemeka kwa furaha. Msimamizi akaniuliza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kiko wapi, na fomu za ridhaa za hao watu 14. Sikuwa navyo. Nilidhani kibali ni cha watu wanaochukua damu. "Basi hayo hayapo," akasema. Sikuruhusiwa kuyatumia hata kwa tanbihi. Na Januari ikipita imepita. Ya mwaka unaofuata ningekuwa nimeshamaliza. Kwa uzembe wa fomu moja nilipoteza nusu nzuri ya utafiti wangu, ile ya kulinganisha misimu, na kila nikiikumbuka bado tumbo linanikata.

Kibali kilitoka Aprili. Juni nilirudi nyumbani mwenyewe na fomu za ridhaa kwa Kiswahili, nikapima magunia 60 katika vijiji vitatu. La kwanza mizani ilisoma kilo 128. Walanguzi wengine walinifukuza, mmoja alinitisha kwamba nimetumwa na serikali, mwingine alikaa nami kivulini akanieleza upande wake: gharama ya lori, ushuru wa kila kizuizi, unyevu unaokauka na kupunguza uzito njiani. Alikuwa na hoja, nami nimeiandika. Kabla ya safari hiyo nilikuwa nimepanga kuwaita wezi ndani ya tasnifu. Nilifuta.

Nilipewa 7.5. Waholanzi wana msemo kwamba 10 ni ya Mungu na 9 ni ya mwalimu, kwa hiyo sikulalamika. Mtahini mmoja aliandika kwamba swali ni zuri na ushahidi ni mwembamba. Ni kweli. Magunia 60 ya wilaya moja, msimu mmoja.

Kuna jambo wadogo zangu hawapendi nikiwaambia. Rafiki yangu wa darasa la Mlimani alibaki Afrika, akapita njia ya AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi ulioko Nairobi tangu 1988: kozi za msingi chuoni, kisha masomo ya kuchagua Nairobi pamoja na wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Nilipokuwa nalia kwenye metro, yeye alikuwa na mtu wa meza ya jirani kutoka Malawi mwenye swali la mahindi kama langu. Mimi darasa zima hakuna aliyewahi kuona debe. Kwa hesabu na nidhamu ya uthibitisho, Amsterdam ilinipa nilichokikosa. Kwa watu wa kujadiliana nao kuhusu lumbesa, ningekwenda Nairobi. Ningekuwa na uwezo ningechukua vyote viwili, na wapo wanaofanya hivyo. Na suala la hela: ruhusa ya kufanya kazi kwa mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni saa 16 kwa wiki, tena mwajiri akuombee kibali. Usipige bajeti ukitegemea hizo saa. Mwaka wa kwanza huna saa hata mbili.

Magunia ya mwisho kupima yalikuwa ya nyumbani. Nilimwacha mama awe wa mwisho makusudi, na sikuyaingiza kwenye data kwa sababu fomu ya maadili hairuhusu kumtafiti mama yako. Mlanguzi alifika saa tano asubuhi na magunia yake matupu na vijana wawili wa kushindilia. Yalipojaa nikaomba nipime. Kilo 131, 126, 129. Nikamwita mama pembeni, chini ya mkwaju.

"Mama, umeona mizani? Kila gunia unampa karibu debe na nusu bure."

"Nimeona."

"Kibaigwa wanapima kwa kilo. Tukodi pikipiki ya matairi matatu, tupeleke wenyewe Jumanne, siku ya gulio."

Akafungua pindo la kanga, akahesabu noti alizopewa za malipo ya awali, akalifunga tena.

"Tangu hujazaliwa mimi naujua uzito wa gunia langu, mwanangu," akasema. "Ada ya mdogo wako chuo cha uuguzi mwisho ni Jumatatu."

Akarudi kwenye lori, akawaambia wale vijana washone.